Chumba cha Uani: Makazi ya Watoto Wetu Wanaosoma Durban

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa ukoo, Durban)

  

Kamati ya maandalizi imenipa mada ya makazi nafuu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, ikanipa na dakika 20. Nadhani nimepewa mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilitumikia Serikali ya Tanzania katika mambo ya ardhi na nyumba tangu mwaka 1984, na baada ya kuhamia hapa mwaka 1997 nilipata tena kazi ya umma, nikawa napitia ramani za majengo mpaka siku ya kustaafu. Ya pili ni ile nyumba ya marehemu mjomba wetu iliyoko Umbilo, ambayo imo katika ajenda ya kesho asubuhi: iuzwe, au isiuzwe. Sitajifanya kwamba maneno yangu hayahusiani na kura hiyo. Yanahusiana nayo, na mimi nitapiga kura isiuzwe. Ila nisingependa mtu yeyote anifuate kwa kuwa ni shangazi yake. Naomba mnifuate, au mnipinge, kwa hesabu.

Mgeni anayekuja Durban kwa matembezi huiona bahari na hoteli za ufukweni. Mzazi anayemleta mtoto chuoni huona mji mwingine. Hapa kuna Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kilichoundwa mwaka 2004 kwa kuunganisha kile cha Natal na kile cha Durban-Westville. Kina kampasi za Howard College, Westville na Edgewood, na shule ya udaktari katika barabara ya Umbilo, bila kutaja ile ya Pietermaritzburg. Kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, kilichotokana na muungano wa mwaka 2002 wa teknikoni mbili, ML Sultan na Natal, ambazo zilipakana uzio kwa uzio huku sheria za ubaguzi zikizitenga kana kwamba bahari imepita katikati. Na Umlazi kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Mangosuthu. Wanafunzi ni makumi ya maelfu, na kila Januari huja wengine.

Vitanda havikuongezeka kwa mwendo huo. Kamati ya Waziri iliyochunguza mabweni ya nchi nzima, na kutoa taarifa yake mwaka 2011, ilikuta kwamba mwaka 2010 vyuo vikuu vya umma vilikuwa na vitanda 107,598 kwa wanafunzi zaidi ya 535,000. Hiyo ni sawa na kitanda kimoja kwa wanafunzi watano. Mwezi Februari 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walisimamisha kibanda cha mabati katikati ya kampasi yao, wakakiita Shackville, ili wakubwa wa chuo wasipate njia ya kupita bila kuliona tatizo. Kilivunjwa baada ya muda mfupi. Upungufu haukuvunjika nacho.

Basi wale wanne waliokosa kitanda huenda wapi? Hapa Durban huenda Glenwood na Umbilo, chini ya kilima cha Howard College. Huenda South Beach na Point, katika maghorofa na hoteli za zamani zilizogeuzwa hosteli. Mfuko wa serikali wa kuwasaidia wanafunzi, NSFAS, huwalipia malazi watoto wa wenye kipato kidogo walio raia wa nchi hii, kwa kikomo maalumu. Mwaka 2023 kikomo kilikuwa randi 45,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 kikawa randi 50,000 katika miji mikubwa na 41,000 kwingineko. Jambo jema hilo, na sitaki nionekane ninalibeza. Lakini limezaa tabia: mwenye nyumba hapangi tena bei kwa kutazama chumba, hupanga kwa kutazama kikomo. Malipo yakichelewa, mwanafunzi ndiye hufungiwa mlango.

Watoto wetu, wengi wao, si raia wa hapa. Hawana mfuko huo, ila bei hiyo wanaikuta. Mtaniambia kuna mikataba ya nchi jirani. Ipo. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa saini Blantyre mwaka 1997, inataka wanafunzi wa nchi wanachama watendewe kama wenyeji katika ada na malazi. Tanzania imo, Kenya haimo. Kwa hiyo watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliyebaki Tanga na mwingine aliyeolewa Mombasa, wakifika hapa huhesabiwa tofauti dirishani. Na hata huyo wa Tanga, kutendewa kama mwenyeji katika malazi maana yake ni kusimama katika foleni ile ile ambayo wanne kati ya watano wametoka mikono mitupu.

Sina haja ya kutafuta mfano mbali. Mjukuu wetu mmoja, ambaye leo ameketi nyuma kule na ameniruhusu niyaseme haya ila nisimtaje, aliwasili mwaka 2023 akiwa amekwisha kulipa amana ya chumba alichokiona kwenye picha za simu. Alipofika kwenye anwani, nyumba ilikuwepo, na chumba kilikuwepo, lakini ndani ya chumba alikuwamo mtu mwingine aliyekilipia kwa mtu mwingine. Amana haikurudi. Kwa muda wa wiki saba alilala kwa wenzake South Beach, vijana sita katika vyumba viwili, zamu kwa zamu. Wale mliosoma Mlimani, Dar es Salaam, mnalijua jina la mtindo huo: kubebana. Tuliucheka tukiwa vijana, kwa kuwa tulikuwa na nyumba za kurudi mwisho wa wiki. Huyu hakuwa nayo. Alifaulu masomo matatu kati ya manne ya muhula ule, na mimi nashangaa kwamba alifaulu hayo matatu.

Siku hizi kuna maneno mengi duniani juu ya nyumba ndogo sana. Marekani imekuwa kama harakati. Watu huuza jumba na kuhamia katika kinyumba chenye magurudumu, kisha hualika wapiga picha. Kanuni za kielelezo za ujenzi za huko, katika toleo la mwaka 2018, ziliweka kiambatisho kinachosema nyumba ndogo ni ile isiyozidi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37. Nilipokisoma kifungu hicho nilitabasamu. Nyumba ambayo Serikali ya Afrika Kusini humjengea bure raia wa kipato cha chini, yeye na mkewe na watoto wao, kipimo chake cha kawaida ni mita za mraba 40. Kile ambacho kwao ni jaribio la maisha, huku ni nyumba ya familia nzima.

Na sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari ya chumba kidogo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma kuna ua, na ndani ya ua kuna banda: jiko, stoo, choo, na chumba kimoja au viwili. Nani kati yetu hakuwahi kulala uani? Humo alikaa mjomba asiyeoa, mwanafunzi aliyetoka shamba, au mpangaji aliyekuwa akilipa kodi ambayo marehemu bibi aliifunga kwenye pindo la kanga. Shemeji yetu wa Kisumu ananikumbusha kwamba kwao kijana akibalehe hujengewa simba, kijumba chake mwenyewe ndani ya boma la baba. Wakwe zetu Wazulu nao wana ilawu, kibanda cha kijana ambaye bado hajaoa. Makabila matatu, mabonde mbalimbali, na wote waliona jambo moja: kijana aliyekaribia utu uzima apewe mlango wake, lakini mlango huo uwe ndani ya ua wa wazee.

Hapa Durban nako kuna chumba cha uani, ila historia yake ni chungu, na siwezi kuipita. Nyuma ya nyumba nyingi za Glenwood na Umbilo mtakuta kijumba cha tofali kilichotengwa na nyumba kubwa. Wazungu walikiita khaya, neno walilolichukua kwa Wazulu, ambao kwao ikhaya ni nyumbani. Alikaa humo mtumishi wa ndani, na kwa sheria za wakati ule mume wake hakuruhusiwa kulala hapo, wala watoto wake. Kile alichokuwa amekatazwa ndicho kilichopewa jina la chumba chake. Kipo kimoja katika ua wa marehemu mjomba. Nimekipima mwenyewe wiki mbili zilizopita: mita 2 kwa mita 2.9. Dirisha liko juu mno kwa mtu aliyeketi kuona nje. Choo ni cha kuchutama, na bomba la kuogea liko juu yake moja kwa moja.

Khaya za namna hiyo leo zinapangishwa kwa wanafunzi mtaa mzima. Kwa hiyo kaka yetu wa Muscat alipoandika katika barua yake kwa kamati kwamba hakuwalea wanawe ili wakalale mabandani, mimi sikukasirika. Anayo hoja. Chumba kidogo kimetumiwa katika mji huu kumwambia mtu kwamba yeye ni mdogo.

Hata hivyo, udogo wa chumba peke yake hautoi hukumu. Wanafunzi weusi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Natal waliwekwa katika bweni la Alan Taylor, kule Wentworth, kambi ya zamani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, jirani na kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho harufu yake iliwalaza na kuwaamsha. Steve Biko alianza masomo ya udaktari mwaka 1966 na bweni lake lilikuwa hilo. Katika vyumba vile kulifanyika mijadala iliyozaa chama cha wanafunzi cha SASO, na mjini Durban ndiko chama hicho kilikoweka makao yake. Simaanishi kwamba moshi wa mafuta huleta fikra. Namaanisha kwamba vijana wale walikuwa pamoja, mlango kwa mlango, na walikuwa na mahali pa kukaa usiku wakazungumza. Kijana anayelala kwa zamu hapati wasaa wa kuzungumza na mtu.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa kuwa hapo ndipo kazi yangu ya miaka mingi ilipokuwa. Kanuni za ujenzi za nchi hii, zinazosimama juu ya Sheria namba 103 ya mwaka 1977, zinataka chumba cha kukaa mtu kisipungue mita za mraba 6, na upande wowote usipungue mita 2, na dari iwe mita 2.4. Madirisha yawe angalau asilimia 10 ya eneo la sakafu kwa ajili ya mwanga, na sehemu inayofunguka iwe angalau asilimia 5. Kwa upande wa wanafunzi, sera ya mwaka 2015 ya viwango vya chini vya mabweni ya vyuo vikuu vya umma ilitaka chumba cha mtu mmoja kisipungue mita za mraba 8, na cha watu wawili kisipungue 14. Rudini kwenye khaya ya mjomba: mita 2 kwa 2.9 ni 5.8. Haifikii hata kile kipimo cha chini kabisa. Mimi sitakubali mtoto yeyote wa ukoo huu alale humo, na nimeandika hivyo katika pendekezo. Ibaki stoo na mahali pa kufulia.

Mdogo wangu wa Toronto ameleta wazo la makontena. Ni kijana msomi, na ameambatanisha picha nzuri. Ni kweli kwamba Amsterdam waliweka makontena 1,000 ya wanafunzi, mahali paitwapo Keetwonen, kuanzia miaka ya 2005 na 2006, kwa nia ya kukaa miaka mitano, yakakaa zaidi ya muda huo. Ni kweli pia kwamba Johannesburg, katika eneo la Newtown, maghala ya zamani ya nafaka yaligeuzwa hosteli mwaka 2014, na juu yake yakapangwa makontena ya rangi rangi; hosteli hiyo inaitwa Mill Junction. Na Durban ni bandari, makontena hatuyaagizi mbali.

Lakini tulipime kontena. Lile la kawaida, kwa ndani, lina upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Kimo hicho kimepungua sentimita moja kwa kipimo cha kanuni kabla hamjaweka hata dari. Itabidi tununue lile refu, lenye kimo cha ndani cha mita 2.69. Lile la futi 40 lina urefu wa ndani wa karibu mita 12, na ukiligawa mara tatu, ukaondoa unene wa kuta za kuzuia joto, unapata vyumba vya kama mita za mraba 9. Kwenye karatasi, hesabu inakubali. Tatizo ni Februari. Amsterdam wanapigana na baridi. Sisi tunapigana na joto lenye unyevu, la kulowanisha mto wa kulalia. Sanduku la chuma juani bila kinga nene ya paa na kuta ni tanuri, na kuiweka kinga hiyo kunakula ile nafuu yote tuliyoikimbilia. Tena hewa ya chumvi inakula chuma kila siku, Ijumaa na Jumapili.

Wengi wenu mliziona picha za mafuriko ya Aprili 2022. Katika baadhi ya vituo vya mji huu ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 300 kwa siku moja. Watu zaidi ya 400 walikufa katika jimbo hili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Makontena yalibebwa na maji yakatupwa barabarani, yamelaliana kama viberiti vilivyomwagika. Yalikuwa yamewekwa juu ya ardhi tu, hayakufungwa kwenye msingi. Nyumba nyingi zilizokwenda na maji siku zile zilikuwa ndogo na za watu maskini, na zilikwenda kwa sababu ya mahali zilipojengwa: kwenye miteremko isiyo na ukuta wa kuzuia udongo, na kandokando ya mito. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chumba kiwe cha nini, tuulize kitakaa wapi, na maji ya paa yatakwenda wapi. Ua wa Umbilo una mteremko upande wa mashariki. Fundi amekwisha kuambiwa kwamba ukuta wa kuzuia udongo na mfereji ndiyo kazi ya kwanza, na bila hiyo hakuna ya pili.

Kuna na vile vijumba vya mbao vinavyouzwa barabarani, ambavyo hapa huitwa wendi, kutokana na binti aliyejengewa kijumba katika mchezo wa Peter Pan wa mwaka 1904. Ni rahisi na husimamishwa kwa siku moja. Mtu akiweka mashine za bustani humo, sina ugomvi naye. Akiweka jiko la mafuta ya taa na mtoto, ninao.

Pendekezo langu ni hili, na ramani yake mtaiona imebandikwa kwenye ukumbi wa chakula. Vyumba vinne vya tofali katika mstari mmoja nyuma ya nyumba, kila kimoja mita 3 kwa 3.2, yaani mita za mraba 9.6. Kila vyumba viwili viwe na choo na bafu la pamoja. Dirisha la mbele na la nyuma, ili upepo wa bahari upite. Dirisha lazima lifikie mita ya mraba 0.96 kwa jumla, na mchoraji amelizidisha. Paa la bati lenye kinga ya joto chini yake. Mbele, kwa urefu wote, baraza yenye kivuli, upana wa mita moja na nusu. Nilipoonyesha ramani kwa mwenzangu mstaafu wa hapa, aliniuliza baraza ni ya nini ikiwa fedha ni chache. Nikamwambia kwamba chumba cha mita 9.6 bila baraza ni chumba cha kulala, na kikiwa na baraza ni nyumba. Jiko litakuwa lile la nyumba kubwa, kwa utaratibu nitakaoueleza.

Dada yetu wa London anasema tuuze nyumba, tugawane, na kila mzazi amlipie mtoto wake pango. Tuifuate hesabu yake. Tuchukue ule ukomo wa mwaka 2024, randi 50,000 kwa mwaka, kwa watoto wanne, kwa miaka minne. Ni randi 800,000. Laki nane hizo zikitoka hazirudi, na mwaka wa tano watakuja watoto wengine wanne. Majina yao ninayo, kwani wawili wako kidato cha tano na wawili wamekwisha kuomba nafasi. Makisio ya mafundi watatu yako kwa mweka hazina. Siyataji hapa kwa kuwa bei ya saruji haingoji hotuba iishe, ila la juu kabisa kati ya hayo matatu halifiki hiyo laki nane. Vyumba vitabaki. Mtoto wetu akipungua, chumba kitapangishwa kwa mtoto wa mwenzetu kwa bei ya haki na kodi ikaingia mfuko wa ukarabati.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba tutanunua tofali Jumatatu. Halmashauri ndiyo yenye mamlaka ya matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mwaka 2013, na ni lazima tuombe ruhusa ya kuongeza makazi katika kiwanja cha familia moja. Kisha ramani iliyochorwa na mtu aliyesajiliwa, kibali kabla ya jiwe la kwanza, ukaguzi wa msingi, ukaguzi wa mabomba ya majitaka, na mwisho cheti cha kuruhusu watu wakae. Kuna watakaowanong'oneza kwamba mtaa mzima umejenga bila karatasi. Ni kweli, nimeziona. Nimeona pia bima ikikataa kulipa baada ya moto, na tangu mwaka 2015 mji huu una sheria ndogo ya majengo yenye matatizo, inayowapa maofisa nguvu juu ya nyumba zilizojazwa watu kupita kiasi. Miezi tutakayoipoteza kusubiri muhuri ni rahisi kuliko usiku mmoja wa moto.

Jambo la hati ni zito zaidi, na hapa naomba vijana waache simu kidogo. Jana baadhi yenu mlikwenda Chatsworth kuwatembelea wale ndugu wanaoitwa Wazanzibari. Wazee wao walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Kiingereza. Kundi la kwanza, watu 113, lilishushwa Durban mwaka 1873. Wengi wao kwa asili ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na jina la Unguja liliwakaa kwa kuwa ndiko walikopitia. Wadhamini Waislamu wa mji huu waliwanunulia ardhi Kings Rest, kule Bluff, na huko walikaa, wakajenga vijumba vyao, wakazika wazee wao, wakatunza lugha yao. Kisha sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ikawakuta. Kwanza ilibidi serikali ifikiri watu hawa ni nani, ikawaandika kama Waasia wa aina nyingine, jambo ambalo mpaka leo linawachekesha na kuwaudhi kwa wakati mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Hati ya wadhamini haikuwaokoa na serikali ile. Lakini kwa zaidi ya nusu karne kabla yake ndiyo iliyowaweka pamoja, kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuuza kipande chake.

Nyumba ya Umbilo leo iko katika jina la marehemu, na warithi wako katika nchi sita. Kila mwaka unaopita mnazidi. Naomba iingizwe katika udhamini, wadhamini watano, wawili kati yao wakaazi wa Durban, na isiweze kuuzwa bila theluthi mbili ya kura za mkutano kama huu. Haki ya mke wa marehemu ya kukaa humo maisha yake yote iandikwe kwanza, kabla ya neno lolote kuhusu wanafunzi.

Huyu mama yetu hakutaka nimzungumzie, lakini nyumba ni yake kabla ya kuwa yetu. Ana miaka 81. Mwaka jana alianguka jikoni akakaa chini saa tatu mpaka jirani alipopita. Nilipompelekea ramani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu, kama vijana hao watajua kufunga geti. Baadaye akaleta masharti yake, ambayo nimeyanakili neno kwa neno katika kanuni za ndani: wanaopika jikoni kwake waoshe sufuria usiku ule ule; mitungi ya gesi ikae nje; mgeni wa kulala aombewe ruhusa; na kila jioni mmoja wao, kwa zamu, aje sebuleni kumsomea barua na magazeti, kwa kuwa macho yake hayawezi tena. Sijui kama nyumba za kupanga za South Beach zina zamu ya namna hiyo.

Kodi ninayopendekeza ni kiasi cha kulipia maji, umeme, kodi ya halmashauri na akiba ya matengenezo, pasipo faida. Kila mpangaji, hata akiwa mwanangu, atie saini mkataba wa mwaka mmoja, na mzazi wake atie ya pili. Atakayeshindwa kulipa kwa miezi mitatu, shauri lake liende kwa wadhamini. Asifungiwe mlango na mtu yeyote. Vyumba vigawiwe kwa kuangalia aliye mbali zaidi na asiye na msaada, bila kuuliza ni mjukuu wa nani. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa ninaujua ukoo wangu.

Ramani, makisio matatu na rasimu ya hati ya udhamini vipo kwenye meza ya mweka hazina hadi saa mbili usiku. Mwenye swali la vipimo aje kwangu. Nitakuwa kwenye kile kiti cha dirishani, na nimekuja na futi yangu. Kura ni kesho saa tatu asubuhi, na walioko Muscat na Toronto ambao hawakuweza kusafiri wamekwisha kutuma majina ya wawakilishi wao.